Mlango wa Mtani

Siku Josefina alipoirudisha ile pesa, alikuja nayo imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa, na macho yake yakawa kwa kuku. Hapo hapo Minza akajua. Mwanamke wa Kifipa aliyelelewa vizuri hakupi kitu huku anatazama kuku, labda kitu chenyewe kiwe aibu.

"Mama Kija," Josefina alisema, "Baba Bertilla ameniambia nikurudishie kianzio chako. Nyumba haiuzwi tena."

"Haiuzwi kwa watu wote, au haiuzwi kwangu?"

Josefina aliendelea na kuku.

Minza alikuwa uani anapepeta mchele. Akaweka ungo chini taratibu, maana ungo hauna kosa. Ua ule haukuwa wake, chumba hakikuwa chake, hata jiwe alilokalia lilikuwa la mwenye nyumba. Tangu mume wake afariki, na tangu serikali iseme kila mtu auze mazao anapotaka bila kuvizia mageti ya barabarani usiku, alikuwa amepanda kutoka Mtowisa kule bondeni akaja Sumbawanga kuuza mchele. Mchele ulikubali. Kupanga ndiko kulikokataa. Mwenye nyumba mmoja alimtoa kwa kuwa kijana wake anaoa. Mwingine alisema magunia yanaleta panya, kana kwamba panya wa mji ule walikuwa wanasubiri Msukuma awafungulie njia. Kila wakihama, godoro la binti yake Kija lilitangulia kichwani, watu wanatazama, wanahesabu masufuria yao. Minza alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani kabla hajazeeka: mlango atakaoufunga yeye kwa ndani, asitokee mtu wa kumwambia fungua utoke.

Mlango wenyewe alishaupata. Ulikuwa kwa mume wa Josefina, Mzee Eustaki, karani wa zamani wa ushirika, mmoja wa wale waliopunguzwa kazi wakarudi nyumbani na barua ya shukrani. Eustaki alitaka kurudi kijijini kwao kulima ulezi, akatangaza nyumba yake ya matofali ya kuchoma, mtaa wa Kizwite. Mbele ya nyumba kulikuwa na mlango wa mninga, mzito, uliochongwa na fundi aliyejua kazi. Ukiugonga, unaitikia kama mtu mzima. Minza aliugonga mara ya kwanza, akaupenda. Wakapatana bei, akatoa kianzio, na Josefina akaleta kibuyu cha togwa ya ulezi. Akanywa Eustaki, akanywa Minza, akanywa Josefina, mdomo mmoja baada ya mwingine bila kufuta. Kwa watu wa pale, hiyo ni sahihi kabla ya sahihi.

Na sasa kitambaa cha kichwa.

Sababu aliipata jioni ile ile bombani. Balozi wa nyumba kumi za kina Eustaki, Flavian, alikuwa pale, amekalia ndoo yake kama kiti cha enzi. Flavian alikuwa mtu wa maneno. Yeye na Minza walikuwa wakitaniana tangu siku ya kwanza, kwa maana Wafipa na Wasukuma wa mji ule walikuwa wameshaamua kuwa ni watani. Flavian humwambia ananuka maziwa, Minza humwambia apunguze kutuma radi kwa watu. Wanacheka, maji yanajaa, wanaondoka.

"Mwadila, mama ng'ombe," Flavian alianza kwa salamu ya Kisukuma. "Nasikia nyumba imeponyoka."

"Nani kaiponyosha?"

"Sisi. Nyumba za Kizwite zina dari, mtani. Ng'ombe wako watagonga pembe." Wanawake wakacheka. "Leo tunamwingiza Msukuma mmoja na kibuyu cha maziwa, kesho mtaa mzima ni zizi. Tulimwambia Eustaki wazi, afadhali amuuzie Mfipa mwenzake Gaudensi kwa bei ya chini. Hela kidogo ya mtu wetu ni nyingi kuliko hela nyingi za mpita njia."

Wanawake wakacheka tena. Na Minza naye alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kwa mazoea, kama goti linavyopigwa likaruka. Alifika nyumbani na ndoo ndipo akasikia alichocheka. Alikaa gizani bila kuwasha taa, na hasira iliyomwingia ilikuwa na mafungu mawili: fungu la Flavian, na fungu la mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi alikwenda mahakama ya mwanzo kwa Edith, karani, mteja wake wa mchele.

"Shikamoo, mama," Edith alisema, akasogeza mafaili ili Minza apate mahali pa kuweka viwiko.

"Marahaba. Edith, mtu akininyima nyumba kwa sababu ya kabila langu, napita wapi?"

Edith akaweka kalamu. "Njia zipo, mama, na zote zina vumbi. Ya kwanza ni baraza la kata. Wale ni wa kusuluhisha. Wakishindwa, waandike kwamba wameshindwa, uje na karatasi yao. Ya pili ni hapa. Mlipatana, akapokea kianzio, mashahidi wapo. Unamshitaki kwa mapatano yenu, na unaomba zuio asiuze kwa mwingine mpaka shauri lisikilizwe. Ya tatu ni Katiba. Katiba imekataza mtu kubaguliwa kwa kabila lake. Lakini hiyo ni Mahakama Kuu, Mbeya, na wakili, na nauli, na kulala."

"Kwa hiyo Katiba inakaa Mbeya."

"Inakaa kila mahali, mama. Ofisi yake ndiyo iko Mbeya."

"Sawa."

"Na kote huko utaulizwa ushahidi. Atasema amebadili nia, kwisha. Hakuna mtu anayebagua halafu akakuandikia risiti."

"Mimi risiti ninayo," Minza alisema. "Flavian aliitoa bombani, watu wote wanasikia."

Baraza la kata lilikaa wiki ile ile. Mwenyekiti alikuwa Mzee Isdori, katekista mstaafu, mtu wa haki kwa siku nyingi za juma. Pembeni yake wajumbe, na mwanamke mmoja kati yao, Dominika, aliyekuwa anafuma kikapu huku anasikiliza. Eustaki akasimama akasema amebadili nia, watoto hawajapenda. Minza akasimama akasema maneno ya bombani, yote, mpaka pembe na dari.

"Balozi, uliyasema?" Isdori akauliza.

"Nilisema, sikatai," Flavian akajibu, na uso wake ulikuwa mchangamfu kama wa bwana harusi. "Lakini wazee wangu, huyu ni mtani wangu. Tangu lini mtani akapelekwa barazani? Mwulizeni yeye hunitukana mangapi."

Benchi zima likacheka. Isdori naye akafuta jicho.

"Mama Kija, wewe humwiti Flavian mchawi?"

"Namwita."

"Unaona sasa. Maneno ya mtani hayana kesi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya jeneza la baba yako, akachukua kuku wako mkubwa akaondoka naye, na wewe unacheka, unatafuta cha kumkombolea. Ndivyo tulivyorithi. Kuhusu nyumba, mwenye mali ana hiari yake. Hapa sioni shauri. Ulitaniwa tu, mama yangu. Cheka, nenda nyumbani."

Minza hakucheka. Lakini hakupiga kelele pia. Watu wengi hudhani hasira ni moto wa nyasi. Ya Minza ilikuwa hasira ya kupalia wali: unafunika sufuria, unaweka makaa juu ya mfuniko, unakaa mbali kidogo unasubiri. Alitoka nje ya ofisi ya kata huku anarudia moyoni maneno ya mwenyekiti, hasa pale kwenye kuku mkubwa.

Ulikuwa mwezi wa sita, mavuno ya mpunga bondeni yamekwisha, na shemeji yake Amos alikuwa amepanda na mkokoteni wa ng'ombe umejaa magunia. Amos ni mtu mwenye mwili wa ghala na maneno ya kuku mgeni.

"Shemeji," Minza alimwambia, "umekuja na nyundo?"

"Ninayo."

"Na bisibisi?"

"Hiyo nitaazima."

"Azima. Tunakwenda kutania."

Walifika Kizwite saa nne za asubuhi, jua limetoka lakini upepo wa Ufipa bado unauma masikio. Mafahali wawili wenye pembe kama mikono ya mtu anayeomba mvua waliingia mtaani kwa mara ya kwanza tangu mtaa upimwe, na watu wote wakatoka kuwatazama. Ndivyo Minza alivyotaka. Akasimama mbele ya nyumba ya Eustaki.

"Hodi, mtani."

"Karibu," Eustaki akasema kutoka ndani, kisha akaona pembe.

"Shikamoo, Mzee Eustaki. Nimekuja kutania. Shemeji, anzia bawaba ya juu."

Amos akaanza. Eustaki akafungua mdomo, akaangalia mtaa. Mtaa wote ulikuwa unamtazama, na mtaa wote ulikuwa umeshasikia kwamba yaliyotokea kati yake na Mama Kija ni utani. Mtu anayemkasirikia mtani ni mtu asiye na ukoo. Basi akacheka. Alicheka skrubu ya kwanza, akacheka ya pili, na kufikia bawaba ya chini mdomo wake ulikuwa unacheka peke yake, uso mwingine wote umeshaondoka.

"Mama Kija, utani mzuri," alisema. "Sasa mwambie bwana aurudishie."

"Mzee, utakomboa. Ukipata cha kunikombolea, mimi niko sokoni."

Josefina alisimama pembeni na mkono mdomoni. Mlango wa mninga ukalala juu ya mkokoteni, ng'ombe wakageuzwa, na mmoja wao akaacha kitu cha moto mbele ya nyumba ya Flavian. Hilo halikuwa kwenye mpango. Ilikuwa hiari ya ng'ombe, naye ana mali yake.

Kipupwe cha Sumbawanga hakijui utani. Usiku unaingia mpaka kwenye mifupa ya vyungu. Eustaki alitundika blanketi mlangoni, upepo ukalivaa. Akatundika mkeka, upepo ukausoma kama gazeti. Asubuhi watu wakipita kwenda kazini walimwona amekaa katikati ya sebule yake na koti, kama mtu anayesubiri basi. Wapita njia waliuliza kwa heshima, "Mzee, mtani hajarudi?" Siku chache alivumilia. Kisha akaenda mwenyewe barazani, akamshitaki Minza kwa wizi.

Safari hii ofisi ya kata haikutosha, watu walisimama mpaka madirishani. Flavian alikuwapo, mbele kabisa.

"Mama Kija," Isdori akaanza, "mlango uko wapi?"

"Sokoni, Mwenyekiti. Nimeulaza nimepanga magunia juu yake. Mchele haujawahi kukaa pakavu namna ile."

"Umeiba."

"Mtani haibi. Mtani huchukua, na mwenye kitu anacheka, anatafuta cha kukombolea. Ndivyo tulivyorithi. Haya si maneno yangu, Mwenyekiti. Ni yako, ulisema umekaa hapo hapo."

Dirishani kikatokea kicheko, kikafinywa.

"Nilisema kuku," Isdori akasema.

"Ulisema kuku mkubwa. Mimi nimechukua mlango. Naomba baraza linionyeshe mpaka."

Flavian akainuka. "Mpaka upo. Utani ni maneno. Huwezi kumweka mtu nje ya nyumba yake kwenye baridi hii halafu ukasema unatania."

Minza akageuka kumtazama. Alimtazama kwa muda, mpaka Flavian mwenyewe akasikia alichosema, kikamrudia masikioni polepole.

"Rudia, Balozi," Minza akasema, na sauti yake sasa haikuwa na sukari hata punje. "Rudia ili hawa wa dirishani wasikie. Huwezi kumweka mtu nje ya nyumba. Mimi mmeniweka nje miaka yote hii. Nilipopata hela yangu halali ya kununua mlango, mkakaa kikao mkaniweka nje tena. Nikija hapa mnaniambia cheka. Nimecheka mpaka meno yameota baridi. Sasa chagueni. Kama yale yalikuwa utani, na huu ni utani, mlango ni wangu mpaka akomboe. Kama huu si utani, na yale hayakuwa utani. Basi semeni yalikuwa nini. Jina lake lipo."

Eustaki alikuwa anakohoa. Ni kweli alikuwa anakohoa, mzee wa watu, kifua kilishapata upepo.

Hapo Josefina akasimama, na safari hii hapakuwa na kuku wa kuwatazama.

"Haukuwa utani," alisema.

"Mama Bertilla, kaa," Eustaki akamwambia.

"Nimekaa sana. Walikuja kwetu jioni, mimi ndiye niliyewapikia ugali wa ulezi. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Flavian alisema Msukuma asiuziwe hapa, awe na hela asiwe na hela. Mume wangu akasema tumeshakunywa naye kibuyu. Flavian akasema kibuyu huoshwa." Akamgeukia Minza. "Mimi sikukiosha. Kipo. Kila nikikiona naona haya. Na upepo unaniingia magotini, basi nimesema."

Isdori akachukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena. Alitaka kuandika jambo laini. Dominika akaacha kikapu chake.

"Andika alivyosema mama," Dominika akamwambia. "Kama alivyosema. Usimtilie maji."

Isdori akaandika. Akaandika kwamba baraza limeshindwa kusuluhisha. Minza akapewa karatasi, na jioni ile Amos akaurudisha mlango, akaupachika, akaukagua kama hauchezi. Minza hakutaka mzee afe kwa kifua. Alitaka nyumba.

Karatasi ikaenda kwa Edith, Edith akaipeleka kwa hakimu, na hakimu akatoa zuio: nyumba isiuzwe kwa mtu yeyote mpaka shauri lisikilizwe. Neno hilo moja lilifanya kazi kuliko yote. Gaudensi alipolisikia aliondoka mara moja, maana mtu hununua nyumba, hanunui kesi. Eustaki akabaki na nyumba asiyoweza kuiuza na shamba la ulezi kijijini lisilojilima, mvua ziko njiani, na mke asiyemjibu mezani. Kabla ya siku ya kusikilizwa alikuja sokoni kwa Minza, akasimama mbele ya mchele.

"Mama Kija, tuyamalize. Chukua nyumba, kwa ile ile bei."

"Tutayamaliza mbele ya hakimu," Minza akasema.

Mbele ya hakimu yalimalizika haraka kiasi cha kuudhi. Hakimu akasoma kwamba pande mbili zimepatana, mauzo yaendelee kama yalivyokubaliwa, shauri limefungwa. Akafunga faili. Minza alibaki amesimama.

"Kuna jingine, mama?"

"Lile neno, mheshimiwa."

"Neno gani?"

"Kwamba walininyima kwa kabila langu. Sijasikia likisomwa."

Hakimu akavua miwani. Alikuwa kijana, na hakuwa mtu mbaya. "Mama, mmepatana. Nyumba umeipata."

"Nyumba nimeinunua. Hilo neno ndilo nilikuwa nadai."

"Kwa hilo ungeendelea, mama. Ufute mapatano, uende Mahakama Kuu. Ni haki yako. Unataka?"

Minza akafikiria Mbeya, na wakili, na nauli, na kulala. Akafikiria godoro la Kija. Edith alimgusa kiwiko kidogo.

"Sitaki," alisema. "Lakini andika kwamba niliuliza."

Hakimu akamtazama, akafungua faili tena, akaandika.

Josefina alipohama alimwachia kile kibuyu dirishani, bado kina utando wa togwa ndani, umekauka. Minza alikiweka juu ya rafu bila kukiosha. Kisha akaingiza magunia yake mwenyewe, akatandika godoro la Kija kwenye chumba chenye dirisha, akarudi akasimama nyuma ya mlango wa mninga, akaufunga kwa ndani. Akaufungua. Akaufunga tena. Alifanya hivyo mpaka Kija akauliza kama umeharibika.

Jioni mlango ukagongwa, ukaitikia kama mtu mzima. Alikuwa Flavian, amebeba kuku chini ya kwapa, kuku mkubwa, na uso wake umeshapakwa uchangamfu.

"Hodi, mtani. Nimekuja kukukaribisha mtaani. Ng'ombe wamelala sebuleni au chumbani?"

Nyuma yake, kwenye vibaraza vya mtaa, watu walikuwa wameshaanza kutabasamu, wanasubiri jibu. Jibu lilikuwapo, tamu, kuhusu radi. Minza alilisikia likija mpaka kwenye meno, akalirudisha. Akampokea kuku, kwa sababu kuku hana kosa.

"Ahsante, Balozi. Utani tutaanza mwakani," alisema. "Mwaka huu nina hasira."

Akafunga mlango.